Mwendo wa Sultani Ulioibiwa

Hapo zamani, wakati mizigo yote ya dunia ilipopita mabegani mwa watu, palikuwa na mji ulioitwa Mwinuko, umekaa kilimani kama kofia juu ya upara. Juu kabisa ilikuwa nyumba ya Sultani, chini lilikuwa soko, na baina yake njia moja tu, imenyooka kama uzi, mawe yake yamesuguliwa na nyayo mpaka yanateleza kama sahani iliyopakwa samli.

Sultani wa mji huo aliitwa Mwidani. Hakuwa mtu mbaya, la, ila alikuwa na maradhi ya watu ambao hawajawahi kunyimwa: akikosa kitu, hasemi amekikosa, husema ameibiwa. Mfalme mwenziwe wa ng'ambo alimtunukia gari la magurudumu manne, ubavuni limepambwa kwa pembe za ndovu, na mbele limefungwa mto mnene wa ngozi uliojazwa sufi. Gari hilo halikuvutwa na farasi wala punda. Kila Ijumaa baada ya sala Sultani huketi ndani yake, watumishi hulisukuma kidogo, na kilima hufanya kazi iliyobaki. Huteremka mbio, hupita katikati ya soko, huenda kusimama lenyewe mbele ya Lango la Magharibi. Kisha watumishi hulivuta kulirudisha juu, ndimi nje, mpaka alasiri; lakini sehemu hiyo haikuhesabiwa kuwa sherehe.

Na sherehe ilikuwa na sheria yake. Ngoma ikilia kule juu, kila kitu sharti kisimame pale pale kilipo, na kila mtu ainamishe kichwa, macho yatazame vidole vya miguu. Kumtazama Sultani akiwa katika mwendo wake ilikuwa utovu wa adabu. Watu walingoja kusikia magurudumu, na yakiwapita husema, "Maulana, umri mrefu." Hivyo ndivyo walivyomwamkia Sultani wao miaka nenda miaka rudi, kwa masikio.

Basi katika mji huo alikuwako hamali mmoja, jina lake Vuai, hana mbele wala nyuma, ila mkokoteni wake na ulimi wake. Watu walimwita mjinga, kwa sababu ukimwambia jambo hulifanya vile vile ulivyosema. Mke wa tajiri alipata kumwambia, "Kaa hapa mlangoni mpaka nirudi," naye mwanamke akaenda harusini kijiji cha pili. Aliporudi alimkuta Vuai mlangoni, na watu wa nyumba wamezoea kumruka.

Ikawa Ijumaa moja Vuai anatoka mashamba ya chumvi, mkokoteni umejaa magunia, na nyuma yake ametundika mzunguko mkubwa wa kamba za kumbi za nazi alizotumwa kupeleka sokoni. Alipofika chini ya kilima, katikati kabisa ya njia, ameuelekeza mkokoteni sokoni, ngoma ikalia. Mtu mwingine angeusukuma mzigo wake kando upesi upesi. Vuai alikumbuka sheria inasema pale pale, basi akauacha pale pale, akaenda kwenye ukuta wa kando ya njia, akainamisha kichwa.

Gari la Sultani likaja. Mto wa ngozi ukakutana na kamba za kumbi, pu, kishindo kikasikika mpaka makaburini. Na hapo likatokea jambo ambalo wenye akili wa Mwinuko hawajamaliza kulizungumza. Gari la Sultani likasimama kimya, kana kwamba limepigwa msumari ardhini, pembe moja ya ndovu imevunjika, na Sultani ndani yake, kilemba kimemshukia mpaka puani. Mkokoteni wa Vuai, uliokuwa umesimama, ukaondoka. Ukaondoka mbio, hauna mtu, ukakata soko katikati, magurudumu yakivuma. Na watu wote, macho chini, wakasikia magurudumu, wakainama zaidi, wakasema kwa heshima kubwa, "Maulana, umri mrefu."

Magunia ya chumvi yakaamkiwa mpaka Lango la Magharibi.

Alasiri ile ile Vuai alisimamishwa mbele ya baraza. Sultani alikuwa na nundu kwenye paji la uso, lakini nundu siyo iliyomuuma.

"Maulana," akasema Waziri Jabiri, mtu mwembamba mwenye sauti ya mbu, "kesi hii ni nyepesi. Gari lako lilifika lina mwendo, mkokoteni wa huyu hauna. Vikagusana. Gari lako likabaki halina, mkokoteni ukaenda zake unao. Kitu kilikuwa kwako, sasa hakipo kwako, kipo kwake. Watu wa kawaida hukiitaje kitendo hicho?"

"Wizi," wakaitikia wazee wa baraza, kwani walikwisha kula kwa Sultani.

"Maulana," akasema Vuai, "mimi nilikuwa ukutani, kichwa chini. Mkono wangu haukugusa kitu."

"Mwizi hodari hagusi," akasema Waziri.

Sultani akamwinamia. "Umeuweka wapi mwendo wangu?"

"Sinao, Maulana. Mkokoteni ulikwenda nao mpaka langoni, ukaisha."

"Ameuiba," akasema Sultani, akiwageukia wazee, "kisha ameutumia. Na watu wangu wameipa chumvi maamkizi yangu. Sikiliza, ewe Vuai. Ijumaa ijayo utanirudishia mwendo wangu, wote, pale pale ulipouchukua na vile vile ulivyouchukua, usipungue hata chembe. Ukishindwa, mkokoteni wako utakuwa kuni jikoni mwangu, na wewe utafungwa kwenye gari langu ulivute kilimani kila Ijumaa mpaka mvi zikuote kwenye kope."

Vuai akaenda nyumbani, roho imemtoka. Mkewe, Mize, alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Wanasema umeiba, baba Subira."

"Ndivyo wasemavyo."

"Umeiba nini?"

"Mwendo wa Sultani."

Mize akaacha kukuna. "Mwaka huu wote nasema sina sufuria, na siku uliyojaliwa kuiba, ukaiba mwendo?"

"Mize, siyo mzaha. Nitafungwa kama punda. Wewe na mtoto mtakula nini? Naye ataka nimrudishie vile vile. Kitu kisichoshikika hurudishwaje?"

"Na wewe nawe," akasema Mize, akarudi kwenye nazi yake. "Mtu akikuzaba kofi, kofi hushikika? Mbona watu hurudishiana kila siku?"

Vuai akaitazama chicha ikianguka kwenye ungo. Halafu akaanza kucheka polepole, mpaka Mize akadhani hofu imemvuruga.

Ijumaa ikafika. Mji mzima ulikuwa njiani, maana hakuna aliyewahi kuona mwendo ukirudishwa. Vuai alikuwa kule juu kilimani tangu asubuhi na mkokoteni wake, kamba za kumbi amezifunga mbele sasa, na chini ya gurudumu ametia jiwe. Sultani akatoka na baraza lake.

"Mwendo wangu u wapi?"

"Tayari, Maulana. Nimefuata neno lako kama lilivyotoka kinywani mwako. Gari lako litateremshwa polepole kwa kamba, lisimame pale pale uliposimama mkokoteni wangu. Wewe utaketi ndani yake. Nami huku juu nitaondoa jiwe hili. Mkokoteni utashuka, utafika kwako, utasimama, na mwendo utakuwa wako. Utakwenda nao mpaka langoni."

Wazee wakatazamana. Sultani akaitazama njia, ikamwonekea ndefu na inang'aa. Akayatazama magunia.

"Magunia yamezidi," akasema.

"Yamezidi, Maulana. Uliniambia usipungue hata chembe. Mwendo wako siku ile haukunifikia wote. Kishindo kilikula sehemu yake, watu wa makaburini ni mashahidi. Pembe iliyovunjika ilikula yake. Magurudumu yalipata moto, nao ulikula. Na leo vile vile, njiani lazima uliwe tena. Nikirudisha sawasawa utapunjika. Basi nimeongeza uzito, ili kinachofika kiwe haki yako."

Sultani akajipapasa nundu, iliyokuwa bado haijashuka.

"Waziri Jabiri ataniwakilisha," akasema. "Ataketi yeye, aupokee."

Waziri akapiga hatua moja nyuma.

"Vizuri, Maulana," akasema Vuai. "Ila niulize neno moja la kijinga. Waziri akiupokea, ndiye atakayekwenda nao. Atapita sokoni mbio, magurudumu yakivuma, na watu vichwa chini watamwambia umri mrefu. Chumvi ilipewa kwa bahati mbaya. Huyu je, atakuwa amepewa kwa amri yako?"

Sultani akamtazama Waziri wake kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo. Waziri akasema upesi kwamba, kwa kweli, mali hupokewa na mwenye mali, na kwamba hata hivyo ana kifua.

Basi Sultani, ambaye hakutaka kuonekana mwoga mbele ya mji wake, akateremshwa na gari lake mpaka chini, akaketi katikati ya njia. Ngoma ikalia. Watu wote wakainamisha vichwa. Yeye peke yake ndiye aliyeangalia juu, na huko juu aliona mkokoteni, umeinua magunia yake kama paka aliyepandisha mgongo, na Vuai amechutama karibu na gurudumu.

"Maulana, u tayari?" Vuai akapaza sauti. "Sitaki nife na haki ya mtu shingoni."

"Ngoja," akasema Sultani.

"Naondoa jiwe, Maulana."

"Ngoja, nimesema. Nimekusamehe."

"Ahsante, bwana wangu, lakini msamaha hupewa mwizi. Nikisamehewa leo, kesho mwanangu ataitwa mwana wa mwizi. Afadhali nilipe."

Sultani akashuka garini. Miguu yake ilikuwa na mwendo wa peke yake, maana ilitetemeka bila kusukumwa. Akasimama kando, ukutani, pale pale aliposimama Vuai Ijumaa iliyopita, akasema kwa sauti ya kusikika soko zima:

"Vuai hakuiba. Kitu kinachokwenda kikigonga kilichosimama, hukipa mwendo wake. Mimi ndiye niliyegonga. Basi ni mimi niliyetoa."

Ikawa watu wanainua vichwa mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza wakamwona Sultani wao siku ya Ijumaa: mtu mfupi, mwenye nundu, amejibana ukutani. Mwanamke mmoja akamwamkia tu, kama jirani anavyomwamkia jirani, naye akaitika kabla hajakumbuka cheo chake.

Vuai akaongeza jiwe la pili chini ya gurudumu, akashuka kwa miguu.

"Sasa niambie kweli," akasema Sultani kwa sauti ya chini. "Lau ningebaki nimeketi, ungeliondoa jiwe?"

"Ningeliondoa, Maulana, kwani uliamuru. Kisha ningengoja baraza linishitaki kwa kukupa zaidi ya haki yako."

Sultani akajitahidi kukunja uso. Mashavu yakamkataa. Akacheka mpaka akashika ukuta, na wazee wa baraza, walipoona anacheka, wakaona kwamba kesi tangu mwanzo ilikuwa ya kuchekesha.

"Chukua gari hili," akasema. "Ni lako, na pembe zake."

"Nani atalivuta kulipandisha, bwana wangu? Ni mimi yule yule, na ndiyo hukumu niliyoikimbia. Nipe neno tu: ngoma ikilia, mwenye mzigo aruhusiwe kuuweka kando."

Neno likatolewa. Vuai akaenda nyumbani na mkokoteni wake mwenyewe, akiusukuma taratibu, na Mize akapelekewa sufuria kutoka jikoni kwa Sultani, kubwa, yenye mfuniko. Hekaya imefika lango lake, na aliyeisukuma amepumzika.