Kipanya Ni Mimi

Hapo zamani za kale, kabla watoto hawajaanza kuogopa sindano, wanyama walikuwa na chuo chao cha uuguzi. Kiboko akimfunga mtu bendeji, pwaa! mgonjwa hutoka kama andazi. Nyati akichoma sindano, twii! mgonjwa hupona kwa woga.

Panya alikuwa mdogo kuliko wote, na hakuwa na wa kula naye. Bwenini alijiuliza, "Habari za leo?" Akajijibu, "Njema, sijui wewe?"

Siku moja Mwalimu Korongo akaleta kompyuta.

"Mafaili ya wagonjwa yamehamia humu! Wiki ijayo mtihani, na atakayeshindwa hagusi mgonjwa. Jizoezeni: shika kipanya, bofya mara mbili." Puruu! akaruka zake.

Wanafunzi wakaizunguka kompyuta.

"Nyati, we," Kiboko akanong'ona, "kipanya ndiyo nini?"

"Unaniuliza mimi? Si tumetoka bwawa moja!"

Panya alikijua. Alikulia ofisini. Kile kidude chenye waya kilikuwa mezani. Akakirukia, akakikalia, tumbo likakifunika chote.

"Hamna macho? Kipanya ni mimi!"

"Alaa!"

"Haya, nishike. Taratibu, Kaka Kiboko, mbavu hizo! Nibofye mgongoni mara mbili."

Tiki! Tiki! Faili likafunguka.

"Lo! Dada Panya, kumbe tumekaa na dhahabu!"

Wiki nzima ikawa, "Dada Panya, umekula? Dada Panya, sogea huku." Panya akacheka mpaka masharubu yakauma.

Siku ya mtihani, kila mmoja na meza yake na kompyuta yake.

"Mwalimu, sina kipanya!" Kiboko akalia.

"Si hicho mbele yako?"

"Hiki? Hiki hakina masharubu! Kipanya chetu kile kule, kinafanya mtihani wake!"

Wakaanguka wote, puu! Akafaulu Panya peke yake.

Kiboko alikuwa akifunga mizigo Panya alipomfuata.

"Ungetufundisha tu," Kiboko akasema. "Tungekaa na wewe."

"Kweli mngekaa?"

Kiboko akajitwika begi, akaondoka.

Kesho yake Panya akaingia wodini. Akafungua faili la kwanza, tiki, tiki, likafunguka vizuri ajabu. Akageuka, "Kaka Kiboko, njoo uone!"

Wodi nzima, mgonjwa mmoja tu, naye amelala.

Wanangu, anayeficha ujuzi ili apendwe, hubaki na ujuzi wake tu.