Fundi Mshamu na Pasi ya Nyumbani Kwake

Hii nimeikuta kwenye kundi la familia, nikaona isiishie kwangu.

Mjini Lindi aliishi fundi umeme aitwaye Mshamu. Alikuwa makini mno. Akiingia nyumbani kwa mtu, kwanza anazima swichi kuu, anahakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme, ndipo anagusa waya. Akikuta waya umechubuka, haondoki mpaka aubadilishe.

Kwake sasa! Waya wa pasi ulikuwa umezungushiwa mfuko wa nailoni. Soketi ya sebuleni ilining'inia nje ya ukuta, na friji, televisheni na jiko la umeme vyote vilichomekwa kwenye eksitensheni moja.

"Baba Nuru, hii pasi inanitisha," mkewe, Somoe, alimwambia mara kwa mara.

"Kesho, mke wangu. Leo nimechoka."

Somoe hakugombana naye. Alimwona jinsi alivyokuwa akirudi hoi, akamwonea huruma.

Asubuhi moja, Mshamu akiwa kazini, simu iliita. Alikuwa jirani yao, Bi Tabia.

"Fundi, kuna mwanamke amepigwa na shoti akipiga pasi. Mzima, ila anatetemeka. Njoo upesi, nakusubiri barabarani."

"Tokeni nje wote, msiguse kitu! Nakuja."

Mshamu alibeba begi lake mbiombio. Bi Tabia alimpokea, akatangulia, wakakata kona, akasimama mbele ya mlango.

"Bi Tabia, mbona hapa ni kwangu?"

"Ndiyo, baba. Yuko uani."

Somoe alikuwa amekaa kwenye mkeka, kiganja kimebabuka. Mshamu alipiga magoti, akaushika ule mkono taratibu kama anayeshika yai. Machozi yalimlengalenga.

"Kwa nini hukunipigia mwenyewe?"

"Mume wangu nimemwambia mara nyingi," Somoe alijibu, akitabasamu kidogo. "Leo nikaona nimwite fundi."

Mshamu aliinuka. Alizima swichi kuu, akampeleka mkewe zahanati. Waliporudi aliitupa ile pasi, kisha akashika bisibisi. Mteja mmoja alipopiga simu kuuliza amefikia wapi, alimjibu, "Samahani ndugu yangu, leo nina kazi kwa mtu muhimu sana."

Somoe alicheka mpaka akasahau maumivu.

Funzo: Umakini unaowapa watu wa nje, wa nyumbani kwako wanaustahili kwanza, na waya uliochubuka usiupangie kesho.