Vinyago Saba na Chungu cha Uyoga

Mpo?

— Tupo!

Masikio mnayo?

— Tunayo, yajaze!

Hapo kale, Mama Nguchiro alikuwa akitwanga mahindi, kitinda mimba wake mgongoni, Kuchakuro alipofika mbio.

"Shoga, weka mchi! Uyoga wa ng'ambo ya mto umepitishwa. Chungu kimeiva uwanjani, na wanao wanne wamekaa na mabakuli."

"Umepitishwa na nani?"

"Vinyago. Vyote saba!"

Vinyago hivyo alivichonga Fundi Nungunungu. Akavionyesha uyoga, huu wa kula, huu wa kutupa, huu wa kula, mpaka vikaweza kuamua vyenyewe. Ikawa desturi: vinne vikikubaliana, hakuna mnyama wa kubisha.

Mama Nguchiro akatupa mchi, akakimbia. Kufika, Fisi mpakuzi keshajaza mabakuli.

"Ngojeni!"

"Saba wamesema kula, wewe peke yako unasema ngojeni?" Fisi akamcheka. "Kuhesabu hujui?"

Mama akakiendea kinyago cha kwanza.

"Uyoga wa ng'ambo uliwahi kuuona?"

"Sikuuona. Nilionyeshwa wa kichuguuni. Huu unafanana nao. Kula!"

Akakiendea cha pili.

"Sikuuona. Nilionyeshwa wa kichuguuni. Kula!"

Cha tatu kikajibu vilevile.

Akamgeukia Nungunungu, aliyekuwa kando ya chungu. "Fundi, ulivifundisha kwa vikapu vingapi vya uyoga?"

Nungunungu akaangalia chini. "Kimoja, mama. Nilikizungusha kwa vyote saba."

"Basi hapa hakuna saba. Kuna mmoja aliyesema mara saba."

Mwanawe wa pili alikuwa keshainua bakuli. Mama akalipiga, likaruka. Akayapindua mengine, akakipiga chungu teke.

"Anamwaga chakula cha watu!" wanyama wakafoka.

Fisi akainama kulamba mchanga. "Mimi siachi kitu, jamani."

Haukupita muda, Fisi akawa chini, anagaragara, povu mdomoni. Wanyama wakamkimbilia, wakamtapisha, akapona kwa shida.

Mama Nguchiro akarudi kwenye kinu. Mahindi hayajitwangi.

Jioni akapakua ugali na kunde, akahesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne, na wa mgongoni. Wote wapo.

"Kuleni."

Basi, wenzangu, wakikubaliana wengi, msihesabu midomo tu. Ulizeni kila mmoja ameona nini ambacho mwenzake hakukiona.

Kisa changu nimekitua hapo. Aliyesinzia asiniulize mimi, amuulize aliyemwegemea.