Siku Nakijwa Alipotolewa Nje

"Mwenye fungu husubiri nje." Mmeisikia leo mama yenu alipowafukuza jikoni nyama ikikatwa, na sasa mmekuja kwangu mmenuna, mnataka kujua ni nani aliyetunga maneno ya uonevu namna hiyo. Kaeni. Methali hii ilianza hapa hapa milimani kwetu, Upare, na mimi nilikuwepo. Tena jina langu limo kwenye karatasi.

Nilikuwa na jirani, Mzee Mbonea, aliyefiwa na mkewe, mwenye watoto wawili. Mkubwa, Elieskia, alikwisha kupewa shamba lake siku alipooa, na baada ya hapo baba yake alimwona Krismasi kwa Krismasi. Mdogo alikuwa binti yake Nakijwa, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda. Alikuta bonde la baba yake ni magugu matupu. Akashika jembe, akaligeuza shamba la tangawizi, na kwa tangawizi hiyo mzee akala, akavaa, akatibiwa.

Lakini ukoo wetu wakati ule ulisema ardhi ni ya watoto wa kiume. Mzee alijua kwamba siku atakapofumba macho, Elieskia atamwambia dada yake afungashe. Jambo hilo lilimkosesha usingizi. Basi akaandika wosia kwa mkono wake: bonde na nyumba ni vya Nakijwa. Hakumwambia mtu. Na chini, penye mashahidi, jina la kwanza akaandika la Nakijwa huyo huyo, maana kwetu anayepewa kitu hukishika mbele za watu. Ukipewa mbuzi, unashika kamba.

Jumamosi moja akamwita wakili kutoka mjini, mama mmoja mpole mwenye miwani. Akatuita na sisi, mimi na Mwalimu Kiondo mstaafu. Nakijwa alipika, akavaa kitenge kipya, akaketi mkekani kwa sababu baba yake alimwambia kuna mahali pa kutia sahihi.

Wakili akaisoma karatasi kimya kimya, mara mbili. Kisha akauliza, "Nakijwa ni nani?"

"Ni mimi," akasema Nakijwa.

"Dada, naomba utupishe kidogo."

Mzee akawaka. "Akupishe aende wapi? Kwetu sisi, anayetolewa nje siku ya wosia ni yule asiye na chake! Huyu hatoki."

Nami nilikasirika, siwafichi. Nilijiambia, huyu wa mjini amekuja kutuvunjia mila. Wakili hakubishana. Akainama, akamnong'oneza mzee sikioni. Mzee akakuna kidevu, halafu akasema bila kumtazama binti yake, "Nakijwa, mwanangu, toka nje."

Nakijwa alitutazama mmoja mmoja. Akainuka, akaviacha mlangoni viatu vyake vizuri, akachukua jembe. Dirishani tulimwona anapalilia tangawizi huku anafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Ndipo wakili akatueleza. "Anayepewa akitia sahihi kama shahidi, fungu lake linaweza kubatilika. Na hata asipotia, akiwa amekaa hapa tu, kesho watasema alimshika mzee mkono akamwandikisha."

Akalikata jina la Nakijwa penye mashahidi, mzee akatia sahihi, kisha mimi na Mwalimu tukatia zetu. Mzee akatuapisha tusiseme neno mpaka azikwe, kwa kuwa hakutaka watoto wake wagombane yeye akiwa hai. Nilikubali, na kwa miaka miwili nikaibeba siri ile. Habari za Nakijwa kutolewa nje zilimfikia Elieskia kabla hatujamaliza chai. Jumatano akaenda sokoni akazitangaza kwa sauti: "Dada yangu katolewa nje! Mbele ya wakili!" Watu wakamhurumia Nakijwa, wengine wakamcheka.

Naye aliendelea kumpikia baba yake uji kila asubuhi. Siku moja nikamuuliza kama moyo haumuumi. Akanijibu, "Unauma, shangazi. Lakini ni baba yangu."

Mzee alifariki usingizini, ametulia. Baada ya matanga ukoo ukakaa, wakili akaja na bahasha. Nakijwa alikuwa ameketi karibu na mlango, begi lake tayari limefungwa. Wakili akasoma: bonde na nyumba ni vya Nakijwa.

Elieskia akaruka kama aliyekanyaga siafu. "Uongo! Huyu alikaa na mzee, akamshika mkono, akamwandikisha!"

Mwalimu Kiondo akamuuliza taratibu, "Siku ile, Elieskia, dada yako alikuwa wapi?"

Mama mmoja muuza ndizi akasema kutoka nyuma, "Si wewe uliyetuambia sokoni kwamba alitolewa nje? Soko zima tulikusikia!"

Kicheko kikapasuka, hata mzee wa ukoo akacheka mpaka akakohoa. Elieskia akaketi. Hapakuwa na shahidi wa kumzidi yeye.

Nakijwa hakucheka. Alinigeukia mimi. "Shangazi, ulijua?"

"Nilijua, mwanangu. Nisamehe."

"Siku ile nilidhani baba ananikana," akasema. "Kumbe alikuwa ananipa." Akalia, na safari hii hakuyafuta machozi.

Mzee wa ukoo akalisogeza begi la Nakijwa mbali na mlango kwa fimbo. Akatuangalia sote, sisi tuliojua mila tangu tulipozaliwa, akasema, "Basi kuanzia leo tusimcheke aliyeko uani. Mwenye fungu husubiri nje."