Mawimbi Matatu ya Kiboko

Nina furushi, jamaa zangu.
— Lifungue tuone!
Nianze na lipi?
— Lililo chini, linalobeba mengine!
Haya, sogeeni.

Hapo kale wanyama wa bondeni walikuwa na kompyuta moja ya Linux, katika kibanda cha Nungunungu. Kila kazi yake ilikuja imefungwa katika furushi, na kila furushi lilikuwa na jina na namba. Yakija mafurushi mawili ya jina moja, mashine ililichukua lenye namba kubwa na kuliacha lenye namba ndogo. Haikumwogopa mtu, wala haikupokea rushwa.

Aliyewafungia mafurushi alikuwa Bi Mwanakheri, mama yake Kindi, Mungu amrehemu. Alifunga furushi la Salamu, lenye sauti yake mwenyewe. Kila alfajiri mashine ilisema taratibu, "Umeamkaje, Kobe? Umeamkaje, Kanga?" Nyumba hadi nyumba, kila mmoja kwa jina lake. Na chini ya Salamu alifunga Kamba, ya kuibeba sauti.

"Mwanangu," alikuwa akisema, "Salamu haisimami peke yake. Ukiiondoa Kamba ukaweka isiyoweza kuibeba, mashine itaiondoa na Salamu. Haipendi kitu kining'inie hewani."

Kamba ile ilikuwa namba tatu, nayo ilikuwa fupi. Sauti ilipokaribia nyumba ya mwisho, krrr, ilikatika. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Kindi, kwa sababu mama alianza na majirani na kumweka wake nyuma, kama mtu anayewapakulia wageni kwanza.

Alipougua alikuwa anasuka Kamba namba nne, ndefu zaidi. Nyuma ya ile nne alichora wimbi, alama ya ~.

"Wimbi maana yake bado," alimwambia Kindi. "Mashine ikiliona, hulihesabu furushi chini ya nne kamili. Nikipata nafuu nitalijaribu, kisha nitalifuta wimbi."

Hakupata nafuu. Kindi alilihifadhi furushi katika shimo la mti wake, na wimbi lake palepale. Kulifuta kungekuwa kukiri kwamba mama hana tena kazi duniani.

Basi akaja Kiboko. Puu, puu, puu. Alikuwa na nyasi za ukingo mzima, na bado alizitamani za wengine. Alikuwa amefunga Kamba yake, ambayo haikubeba Salamu. Ilibeba ngurumo tu: "Nyasi zote kwa Kiboko!"

"Yangu ni nne," alisema. "Ya marehemu ni tatu. Kesho yangu inaingia."

Kindi alijua maana yake. Kamba ya mama ikitoka, sauti ya mama ingetoka nayo, na hakuwa na mahali pengine pa kuisikia. Alimwomba Mola wake. Kisha akajikuna sikio.

"Bwana mkubwa, hata mimi nina nne."

"Basi nitaandika tano."

"Nami sita, nawe saba. Tutahesabu mpaka mto ukauke, na mto ukikauka utalala wapi? Tubaki na nne sote. Mwenye pambo zaidi ashinde."

Kiboko alijua jambo moja: ukiongeza kitu nyuma ya namba, namba hukua. Na ni kweli, karibu kwa kila kitu.

"Nitaongeza nukta na moja," alisema.

"Nukta ni ya chawa," Kindi alisema. "Bwana wa maji aonekane bila wimbi?"

Kiboko akajitazama mtoni. Akachovya mguu majini, akachora wimbi nyuma ya nne yake. Chubwi.

"Moja tu? Hata bata analo moja."

Akachora la pili. Chubwi.

"Mamba nasikia anayo mawili."

Akachora la tatu. Chubwi, na maji yakamrukia Nungunungu aliyesimama ukingoni.

"Bwana Kiboko," Nungunungu alisema huku akijifuta, "una hakika?"

"Nyamaza, kichaka cha miiba wewe."

Jioni Kindi alilitoa furushi la mama shimoni. Alilishika kwa muda mrefu. "Kazi yako imekwisha, mama," alisema. "Pumzika." Akalifuta wimbi kwa ncha ya mkia.

Kulipokucha, Nungunungu aliyatia mafurushi yote mawili. Mashine ikanguruma, tiki, tiki, tiki. Ikaichukua Kamba ya Bi Mwanakheri. Ya Kiboko ikaanguka chini kabisa.

"Wimbi moja ni bado," Nungunungu alisema. "Wewe umeandika bado, bado, na bado."

Kiboko akarudi mtoni bila kuaga. Puu, puu, chubwi.

Ndipo sauti ikaanza. "Umeamkaje, Kobe? Umeamkaje, Kanga?" Ilipita nyumba moja, ikapita nyingine. Ikakaribia nyumba ya mwisho. Haikukatika.

"Umeamkaje, mwanangu? Umekula?"

"Shikamoo, mama," Kindi alisema.

Akangoja. Mashine ilikuwa kimya, kwa maana Bi Mwanakheri hakuwa amefunga jibu. Nungunungu, aliyekuwa mlangoni, akainamisha kichwa.

"Marahaba," akaitikia kwa niaba yake.

Fundisho la ngano hii, jamaa zangu: ukiwa mkubwa, jipambe sana. Pambo halijawahi kumshusha mtu.

Nimelifunga furushi langu. Anayelitaka alibebe, ila asisahau lililo chini yake.
— Tumeyabeba yote mawili!