Mvuke wa Babu Chonjo

Hapo zamani za kale, enzi ambazo kuku walijenga nyumba na kufunga milango yao wenyewe, aliishi mbwa mmoja akiitwa Babu Chonjo. Alilinda boma la Mama Tetea, kuku mjane mwenye vifaranga. Nyie wa nyuma, tulieni! Hadithi hii ina watoto wanaoliwa, na sitairudia.

Ujanani Babu Chonjo aliwakimbiza fisi mpaka wakasahau kucheka. Lakini uzee hauna dawa, au ndivyo alivyodhani. Asubuhi za baridi, kuinuka tu ilikuwa kazi. Kwanza miguu ya mbele, apumzike. Kisha ya nyuma, kwa! kwa! kama kuni zinavunjwa, na machozi yakimlengalenga.

Siku moja Mama Tetea akiwa shambani anachakura mchwa, akatokea Nguchiro, chungu kichwani, blanketi begani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Mimi sina, mwenye shida ni wewe. Nimekusikia ukiinuka, nikaumia mimi! Mie ni fundi wa kufukiza na kukanda."

"Nami nitakulipa nini?"

"Niombee dua tu, Babu yangu."

Nguchiro akachemsha majani ya mchaichai na mwarobaini, akamsogezea chungu, akamfunika blanketi gubigubi.

"Masharti ni haya. Usifunue mpaka nikuambie. Na uimbe mwenyewe, kwa nguvu! Baridi inatokea mdomoni. Ukinyamaza, inarudi gotini."

Mle ndani kulikuwa giza tupu. Mvuke ukamjaa puani, hata mkia wake mwenyewe hakuunusa. Babu akaimba kwa sauti yake nene:

"Toka baridi, toka! Goti si nyumba yako!"

Aliimba mpaka sauti ikamkauka. Ndipo Nguchiro akafunua, akampaka mafuta ya nyonyo, akamkanda magoti na nyonga polepole.

"Aaah! Mjukuu wangu, una mikono wewe!"

"Sasa tembea kidogo, Babu. Usikimbie. Hivyo hivyo."

Jioni Mama Tetea akaita wanawe waingie ndani. Mmoja hakuitika. Kesho yake Babu akafukizwa tena, na jioni mwingine hakuitika. Ikaendelea hivyo, mpaka akabaki kitindamimba, Chiku, aliyependa kulala katikati ya miguu ya Babu.

"Ulikuwa wapi, Babu?" Mama Tetea alilia, manyoya yamemsimama.

"Nilikuwa hapa hapa. Nafukizwa."

"Hukusikia kitu?"

"Nilikuwa naimba."

"Wanangu wanachukuliwa, wewe unaimba! Akipotea na huyu, utoke kwangu. Ukalale porini na fisi wako."

Babu akainamisha kichwa. Fisi walimkumbuka vizuri, naye asingeweza kuwakimbia. Lakini kilichomuuma zaidi ni Chiku, aliyekuja kumlalia mguuni vilevile, kana kwamba hakusikia neno.

Asubuhi Nguchiro akaja na chungu chake.

"Leo sifukizwi," Babu akasema. "Leo nalinda."

"Utalinda kwa magoti yapi? Mwizi akipita hapa, utamkamata umelala? Pona kwanza, Babu, ndipo ulinde."

Babu akaliona neno hilo lina maana. Masikini! Akajifunika.

"Toka baridi, toka! Goti si nyumba..."

Akanyamaza katikati. Alikuwa amekunja goti bila kufikiri, na goti halikulalamika. Akalinyoosha. Kimya. Akalikunja tena. Kimya! Furaha ikamfanya asahau maneno ya wimbo.

Na katika ukimya ule akasikia, "Piu! Piu! Babu!"

Blanketi likaruka, chungu kikapasuka, pwaa! Nguchiro alikuwa mlangoni, amembana Chiku bawa kwa meno, wala hana haraka. Alimjua mgonjwa wake. Muda wa kuinuka kwake ulimtosha mtu kumenya muhogo.

Lakini Babu Chonjo aliinuka mara moja. Mruko mmoja tu, na Nguchiro akawa chini ya makucha. Chiku akaponyoka.

"Babu!" Nguchiro alihema. "Ukiniua, masika yakija utakandwa na nani?"

Babu akafikiri, maana swali lilikuwa la kweli.

"Sina wa kunikanda," akasema.

Kwaruu! Nguchiro hakuhema tena.

Mama Tetea aliporudi, akaona damu, akaona blanketi, akaelewa. Hakumfukuza Babu, wala hakumshukuru. Alimbeba Chiku ndani, akafunga mlango.

Masika yakaja na baridi yake. Magoti yakakaza kuliko mwanzo. Babu Chonjo alilala kizingitini akitetemeka, akajaribu kujitibu mwenyewe, taratibu asiudhi mtu.

"Toka baridi, toka..."

"Babu!" sauti ndogo ikalia ndani. "Babu, usiuimbe huo! Tafadhali, usiuimbe!"

Babu akafumba mdomo. Hakuuimba tena mpaka alipokufa.

Hadithi imeishia kizingitini hapo, wanangu, na neno lake ni hili: mkono unaokuponya, utazame mwenzake unafanya nini.