Boliti Isiyokuwa na Kutu

Ndugu zangu, palikuwa na fundi mmoja wa boti, mwanamume wa shoka kweli kweli, mwenye nguvu na mwenye kujua kwamba ana nguvu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hilo la pili ndilo linaloleta taabu.

Siku moja aliitwa na nahodha wa kisiwa fulani. Nahodha huyo alikuwa na boti ya kuvushia watu, ya ile aina ambayo injini hukaa ndani, na kwa nyuma unaning'inia mguu mzito unaoshuka majini na kuzungusha pangaboi. Pale mguu unapoungana na boti kuna mpira unaozuia maji yasiingie. Mpira huo ulikuwa umechanika. Kuubadilisha huwezi mpaka uuvue mguu, na mguu umeshikwa kwa boliti. Kwenye boliti ndipo kazi ilipogomea.

Tena haikuwa kazi ya kusubiri. Mke wa nahodha alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Mtoto wa kwanza alimzaa kwa kupasuliwa, na daktari alikwisha kumwonya kwamba huyu wa pili asithubutu kumzalia kisiwani. Avuke mapema akae karibu na hospitali. Mitumbwi ilikuwepo, lakini nani ampakie mwanamke mwenye mshono kwenye mtumbwi, avuke naye mkondo ule? Basi mama wa watu akakaa kando ya boti yao iliyopandishwa ufukoni, furushi la khanga miguuni, akisubiri boliti zifunguke.

Fundi akaweka spana. Boliti haikutikisika. Akaimwagia mafuta ya taa, akangoja kidogo, maana hakuwa mtu wa kungoja sana, akajaribu tena. Wapi. Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi, akaning'inia hapo kwa uzito wake wote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Boliti kimya. Hapo akapandwa na hasira. Mmewahi kumsikia mtu akitukana chuma? Huyu aliitukana ile boliti utadhani imemdhulumu shamba. Akasema ina kiburi. Akasema imeoza, kutu imeila mpaka moyoni, hata wanunua vyuma chakavu wangeikataa. Nahodha, kwa shida aliyokuwa nayo, akawa anaitikia kila neno.

"Hii inataka moto," fundi akasema. "Nitaiunguza mpaka iseme."

Akawasha gesi, akauelekeza moto kwenye kichwa cha boliti mpaka kikaiva chekundu. Akakigonga kwa nyundo, akakikamata tena kwa spana na bomba lake, akavuta. Na kweli boliti ikasema. Ilitoa mlio mmoja, ikakatika, kichwa na kipande cha shina vikaruka mchangani, na sehemu iliyobaki ikazama ndani ya tundu, ambako hakuna tena pa kuishika. Fundi akatupa spana chini, akamgeukia nahodha na kumwambia kwamba yeye alishasema, boliti ile ilikuwa mbovu tangu zamani. Nahodha akamtazama mkewe, akashindwa kumtazama sawasawa.

Yule mwanamke akainuka taratibu, mkono kiunoni. Akakimwagia kile kipande maji kipoe, akakiokota, akakifuta kwa ncha ya khanga, akakigeuza huku na huku.

"Fundi," akasema, "kutu iko wapi?"

Fundi akainama kuiokota spana yake.

"Nakuuliza, shemeji. Tangu asubuhi mnaitukana kwa kutu, na mimi kutu siioni. Shina lake linang'aa. Naona unga mweupe tu, na unga huu haukutoka kwenye boliti."

Fundi akakipokea kile kipande, na uso ukamshuka, kwa sababu alikuwa anajua. Hilo ndilo linaloniudhi katika habari hii yote, ndugu zangu: alikuwa anajua. Boliti ile ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu. Kilichooza ni nyumba yake. Lile tundu boliti inamokaa, fundi yule aliliita nyumba, na nyumba ile ilikuwa ya aluminiamu, madini yale yale ya sufuria zenu. Maji ya chumvi yalikuwa yakiingia kidogo kidogo bila mtu kuangalia. Nyumba ikaliwa, ikatoa unga mweupe, unga ukavimba, ukaibana boliti pande zote. Boliti haikukataa kutoka. Ilikuwa imebanwa. Na fundi mzima, mwenye ujuzi wake, akaichoma moto ile iliyobanwa, akaiacha salama ile iliyobana.

Alipopata akili akauhamisha moto. Akaipasha nyumba joto kwa upole, akaizungushia huku na huku, na nyumba ikatanuka, ikaachia. Boliti zilizosalia zilitoka moja baada ya nyingine, tena kwa spana tupu. Mpira ukabadilishwa, boti ikarudi majini, mwanamke akavuka na kujifungua salama. Lakini ile ya kwanza, ile iliyotukanwa, ilitolewa kwa keekee, ile ya kutobolea chuma, ikatoka unga na vipande. Hiyo haikuwa boliti tena.

Nimewasikia mkicheka pale fundi alipokuwa anatukana. Sasa naomba tusicheke.

Leo baada ya mahubiri, kwa utaratibu wetu, kuna binti amepangiwa kuja kusimama hapa mbele. Aungame mbele yetu sote kwamba amepata mimba nje ya ndoa, ndipo tumrudishe kundini. Wote mnamjua. Tumemtoa kwenye kwaya, tumemzuia meza ya Bwana, na akipita bombani kina mama mnakatiza mazungumzo mpaka apite. Mnaniambia ana kiburi kwa sababu halii. Mnaniambia ameharibika.

Ameharibikia wapi? Si humu humu, mikononi mwetu? Mama yake alipofariki tulijaa pale kwao, tukaimba, tukala. Matanga yalipoisha, nani kati yetu alirudi kumjulia hali? Alipoanza kuja ibadani na viatu vya kuazima, nani alimuuliza anakula nini? Tulimsifu sauti, tukamrudisha gizani peke yake baada ya mazoezi. Na mwenzake je, mbona hakupangiwa kusimama? Mimba haipatikani kwa kuimba soprano peke yake, jamani. Huyo mwenzake simtaji, anajijua, na yuko hapa nyuma yangu sasa hivi kwenye safu ya besi, joho lake limenyooshwa vizuri. Wengi wenu mnamjua pia, na mmefumba midomo kwa sababu baba yake anakaa kiti cha mbele.

Kisha tunakuja na moto, tunataka kumwelekezea huyu mtoto, tena mbele za watu, na tumbo lake lile. Kwa jina la nani? Nimekasirika, ndugu zangu, sitaki kuwaficha. Aliyebanwa tunamchoma, na nyumba iliyombana inavaa nguo za Jumapili na kukaa kutazama. Nyumba hiyo ni sisi. Chumvi imetuingia siku nyingi, tumeliwa, na tunajisifu kwa weupe wa unga wetu.

Mimi kazi hiyo siifanyi. Binti yangu, wewe uliyekaa kule mwisho karibu na mlango, endelea kukaa. Hakuna mtu atakayekuinua leo.

Wazee wa kanisa, simameni. Kwaya, simameni, mkianza na besi. Kina mama, kina baba, simameni nyote. Nami nashuka kwenye mimbari hii nije nisimame pamoja nanyi, tugeuke tutazame kule mlangoni, tumwombe huyu mtoto msamaha kwa sauti ya kusikika. Na asipotusamehe leo, Jumapili ijayo tutasimama tena.